Wimbo mtulivu na kii yake

Paje, Zanzibar, Alhamisi usiku. Kusi bado inavuma.

Wiki nzima akili yangu ya udijei ipo kwenye wimbo mmoja wa tekno ya taratibu, namna ya kuuunganisha na nyingine kwenye seti: mapigo 124 kwa dakika, kiki (ngoma kubwa) laini, besi ya noti moja, kinanda kinacholia kwa mbali kisha kinanyamaza. Nazidi kuamini kwamba nyimbo za namna hii ndizo zinazodai kii sahihi (familia ya noti ambamo wimbo umejengwa) kuliko zote. Wimbo wenye makelele humeza kosa. Huu una sauti chache tu, na nyingine ikiingia vibaya kila mtu anakunja uso, hata asiyejua kilichomkera.

Programu ya kompyuta ya madijei imeuandika 9A, yaani E maina kwenye gurudumu la Camelot, mchoro wa mviringo unaozipa kii namba ili zile jirani zipatane. Sivyo. Ni 8A, A maina. Kosa la kurukia noti ya tano (E ni ya tano ukihesabu kutoka A) ni la kawaida, sawa na lile la kuchanganya 8A na 8B (C meja), kwa kuwa noti za kii hizo mbili ni zile zile. Wimbo ukiwa na noti chache, programu haina cha kushika, inakisia. Mimi huvaa hedifoni, nikausogeza wimbo hadi pale besi inapobaki peke yake, nikafungua kinanda cha simu na kutafuta noti inayotulia kama mtu aliyefika kwao. Ukishaipata A, gonga C, halafu C shapu. Isipokwaruza C ni maina, isipokwaruza C shapu ni meja. Zote mbili zikikubali, wimbo hauna upande, na hiyo ni neema kubwa: unaweza kukaa na 8A, na hata 11B (A meja).

Ugomvi mkubwa uko kwenye besi. A ya chini ni 55 Hz. Iwekee juu yake B flati, ambayo ni 58 na kidogo, zitapigana na kutetemeka kama mara tatu kwa sekunde. Ukisimama mbele ya spika unausikia mtetemo huo kifuani, kama mashine ya boti inayokohoa. Kasi nayo ina mtego wake. Bila kufunga kii, yaani kuiambia programu ishikilie noti kasi ikibadilika, kutoka 124 kwenda 126 kunapandisha sauti kwa asilimia 1.6, yaani robo ya nusu toni (hatua kati ya noti mbili jirani) na zaidi kidogo, hiyo inavumilika. Ikifika asilimia 3 umeshaanguka katikati ya noti mbili, na namba za gurudumu hazina maana tena.

Kabla yake naweka wimbo wa 7A wenye mapigo 123, baada yake 9A wenye 125. Makutano ni mafungu 32 ya mapigo manne manne, kama dakika moja na sekunde mbili. Mafungu 16 ya mwanzo besi ya wimbo unaoingia imezimwa kabisa kwenye ikwalaiza, vile vitufe vya kupunguza besi na sauti za juu. Fungu la 17 besi zinabadilishana kwa mkono mmoja, papo hapo. Anayezipishanisha polepole anapata tope. Kinanda cha wimbo unaotoka kiwe kimekwisha kwa filta kabla ya fungu la 24, kwa sababu mwangwi wake hudumu kuliko unavyodhani. Na hapa ufukweni upepo unachukua sauti za juu, basi usiamini hedifoni peke yake: nenda kasimame pale watu walipo.

Wanaopenda kuongeza kanuni (ala ya nyuzi nyingi) au fidla ya taarabu juu yake wajue kwamba gurudumu halijui makamu, ngazi za noti za Kiarabu kama bayati na hijazi. Bayati ikianzia D, ile E yake iko katikati ya E na E flati. Ukiiweka juu ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) yenye E, vinachubuana. Iache juu ya ngoma na besi ya D tupu, itapumua. Hijazi ni rahisi zaidi, noti zake nne za kwanza hazina robo toni ya kukusumbua, ila ikianzia D ina F shapu ambayo D maina haiitaki.

Kuhusu mahali pake kwenye seti, taarabu ya zamani ilishatufundisha: bashraf kwanza, ala tupu, masikio yakae sawa, ndipo maneno. Wimbo huu ni bashraf. Ukiuweka baada ya kishindo, watu wanadhani umeme umepungua. Naupa dakika ya 15 hadi ya 25, na kwa kuwa umerekodiwa kwa sauti ndogo, naongeza geini (nguvu ya sauti) ya chaneli yake kama desibeli 2, bila kugusa sauti kuu.

Seti za jioni huku zinakutana na adhana. Muziki unazimwa, hilo halina mjadala. Panga ili magharibi iukute wimbo ukiwa kwenye kinanda chake cha mwisho, uuteremshe bila kuukata. Adhana ikiisha usirudi ulipoachia. Anza na ngoma tupu za wimbo wa 9A, mafungu 16, kisha ndiyo uachie besi.