Sanduku la mama wa unga

Agosti 2006 nilikuwa kidato cha pili, na likizo hiyo niliimalizia Kamukunji, Nairobi, kwenye kibanda cha mjomba, fundi wa masanduku ya bati wanayobeba wanafunzi wa bweni. Nilishika ncha ya bati akikata, nikapaka rangi, nikapiga hesabu. Mjomba aliachia shule darasa la sita. Hesabu nikiisema mimi, haikurudiwa.

Muhula uliotangulia tulikuwa tumefundishwa mfanano na ukuzaji. Tulichora pembetatu kwenye karatasi ya grafu, tukachagua kitovu, tukavuta mistari kutoka hapo kupitia kila kona na kuirefusha mara mbili. Pande zikawa maradufu, pembe zikabaki zilezile. Nilizipenda sana zile picha. Habari ya eneo na ujazo niliiandika daftarini, nikapata maksi zangu, nikaipita.

Siku moja akaja mama muuza unga, akaweka mkono juu ya sanduku la kawaida: urefu sentimita 60, upana 40, kimo 30.

"Fundi, nitengenezee kama hili, ila kila upande uwe mara mbili."

Mjomba akanigeukia. "Msomi, bei?"

Lile dogo tuliliuza shilingi 900. Sikusita. "1,800, mama." Akaacha nusu ya pesa, akaenda zake.

Kesho yake tukakata. Bati moja la futi 8 kwa 4 lilitutosha masanduku mawili madogo na vipande vikabaki. Sasa bati zima liliisha, na sanduku bado halina kifuniko wala zile pande mbili fupi. Mjomba akasimama, mkasi mkononi. Hakunifokea.

"Piga tena. Polepole."

Nikapiga nikiwa nimechuchumaa kando ya kipande cha reli anachofulia bati. Sanduku dogo lina eneo la sentimita za mraba 10,800, kubwa, 43,200. Mara nne. Dogo lingebeba lita 72 na kubwa lita 576. Mara nane! Nilirudia nikidhani nimekosea.

Mjomba aliyatazama masanduku yaliyopangwa mlangoni. "Kwa hiyo haya manane yanaingia humo?"

"Ndiyo, mjomba. Mawili kwa urefu, mawili kwa upana, mawili kwenda juu."

Bei hatukuibadilisha. Mjomba hakukubali kumrudia mama yule na neno jingine, ingawa bati lilimeza karibu pesa zote. Na kulikuwa na jambo ambalo hata daftari langu halikulitaja: unene wa bati haukuwa umekua pamoja na pande. Kifuniko kikalegea katikati, ikabidi tukiwekee vyuma viwili kwa ndani. Kwa haki, umbo ndilo lililofanana. Sanduku lenyewe halikufanana.

Jioni mjomba alinipa kipande cha bati na chaki. Nikaandika: 2, halafu 4, halafu 8. Chini yake 3, 9, 27.

"Na moja na nusu? Wengi huomba hiyo."

1.5, 2.25, 3.375. Akalitundika juu ya mkasi.

Shule zilipofungwa mwisho wa mwaka nililikuta palepale. Chaki ilikuwa imefutika, lakini kila tarakimu ilikuwa imepitiwa upya kwa brashi, kwa ile rangi nyeusi ya masanduku.