Karabai ndani ya glasi: usiku wa kutisha Capri Point

Kinywaji nilichowatengenezea watu wa nyumbani Mwanza, Oktoba ya 2024, kinaanzia kwenye taa ya kukagulia noti. Ile taa ndogo ya mwanga wa zambarau ambayo wakala wa pesa anaipitisha juu ya noti ya elfu kumi ndiyo hiyo hiyo inayoifanya toniki, ile soda chungu, iwake bluu gizani. Kinachowaka ni kwinini, dawa ya malaria inayotiwa kidogo ndani yake. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tunaijua kwinini kwa uchungu wake na kwa masikio kuvuma siku tatu, na wengi wetu hatukuwahi kudhani kwamba ndani yake mna mwanga.

Kwa sasa naishi Dublin. Huko usiku wa tarehe 31 Oktoba, yaani Halloween, ni jambo kubwa, maana Ayalandi ni mojawapo ya nchi ambako asili yake iko: ni mkesha wa Watakatifu Wote uliokutana na Samhain, sikukuu ya kale ya Wakelti ya kuingia majira ya baridi. Watu wazima nao wana sherehe zao, wanavaa mavazi ya kujigeuza, na meza haikosi bakuli kubwa la pombe nyekundu lenye mkono unaoelea. Mkono wenyewe ni barafu. Unajaza maji kwenye glavu ya mpira, unagandisha, unaichana glavu, unautumbukiza. Pembeni panawekwa macho yaliyotengenezwa kwa tunda la litchi lenye zabibu katikati.

Mdogo wangu aliziona picha. Akanitumia ujumbe: "Dada, ukija likizo utufanyie na sisi, hivyo hivyo kama wanavyofanya huko." Rafiki yake ana nyumba Capri Point yenye baraza inayotazama ziwa, na wageni wote ni watu wazima, walimu, wahasibu, wawili wa hospitali. Nikamwambia sherehe tutafanya, ila mkono hautakaa mezani, na macho hayatakaa.

Nataka nilieleze hili vizuri, kwa sababu najua wenzangu wengi mlio nje mnarudi Desemba na mawazo ya sherehe kama hizi.

Kanda ya Ziwa ni mahali ambapo watu wenye ualbino wamekatwa mikono wakiwa hai, wengine wakauawa, kwa sababu mganga alimwahidi mtu utajiri wa dhahabu au wa samaki. Siyo hadithi ya zamani. Serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli chonganishi mwaka 2015 kwa ajili hiyo. Kwa mtu wa Dublin mkono unaoelea kwenye bakuli ni mzaha, kwa kuwa hajawahi kumjua mtu aliyekatwa. Mwanza huwezi kujua ni nani kati ya wageni wako ana mpwa, jirani au mwanafunzi aliyeishi miaka kwa hofu hiyo. Basi mkono usiwekwe, wala mtu asijipake unga mweupe aje kuwa mzimu.

Kuhusu mchawi kikongwe mwenye macho mekundu, vazi linalopendwa sana huko nje, msimamo wangu ni huo huo. Usukumani bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo yametiwa wekundu na moshi wa kuni na samadi, kwa miaka yote ambayo bibi amepikia watoto na wajukuu wake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nayo. Sitamvaa yeye nikachekwe.

Mgeni mmoja alipendekeza aje akiwa abiria wa meli iliyozama. Mdogo wangu akamkatalia kabla sijafungua mdomo. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa njiani kuja Mwanza, na makaburi ya waliokufa yapo Igoma, Mwanza. Hapo hapakuhitaji mjadala.

Sasa utauliza, kimebaki nini cha kutisha? Kimebaki kingi, na ni kizuri kuliko vile nilivyoviacha. Mwaliko uliandikwa hivi: njoo ukiwa mtu au kiumbe wa hadithi za bibi. Shing'weng'we akaja, lile zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao akabaki mwanamke mmoja aliyejificha kwenye makapi. Aliyelivaa alishona magunia ya dagaa pamoja, akatoboa mdomo mpana tumboni, na kila aliyeingia mlangoni ilimbidi apite kwenye mdomo huo. Masala Kulangwa, shujaa wa hadithi hiyo, akaja na upinde wake, tayari kulipasua zimwi na kuwatoa watu. Mwingine alikuja akiwa mcheza nyoka wa Bayeye, chama cha Kisukuma cha wacheza nyoka, chatu wake kashonwa kwa kitenge kilichojazwa pamba. Wasukuma, Wakerewe, Wajita na Wahaya walikuwamo, kila mtu na zimwi la kwao, na usiku ule nilisikia hadithi ambazo sikuwa nimezisikia tangu utotoni.

Kinywaji kikaitwa Karabai. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani wakati wa giza, yaani siku ambazo mwezi haupo, kwa kuwa mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta, leo nyingi ni za sola. Tarehe 31 Oktoba 2024 mwezi mpya ulikuwa wa kesho yake, hivyo giza lilikuwa la kutosha, na kutoka barazani taa ziliwaka ziwani kama kuna mji wa pili ng'ambo. Nilitaka glasi iwe hivyo, giza chini na mwanga juu.

Giza linatoka kwenye rosela, yale maua mekundu yaitwayo pia choya. Chukua kikombe kimoja cha rosela kavu, vikombe viwili vya maji, kipande cha tangawizi kilichopondwa na karafuu chache. Chemsha kama dakika kumi, chuja, rudisha jikoni na vikombe viwili vya sukari mpaka iyeyuke. Sukari usiipunguze. Shira nzito ndiyo inayokaa chini ya glasi. Ikiwa nyepesi itachanganyika na toniki na utabaki na kinywaji cha waridi kisichotisha mtu. Ipoe kabisa kabla ya kutumia.

Kwa glasi moja ndefu weka mililita 30 za shira, jaza barafu, kisha changanya pembeni mililita 40 za Konyagi na maji ya nusu ndimu, umimine polepole juu ya barafu. Malizia na toniki baridi, kama mililita 120, ukiipitisha juu ya mgongo wa kijiko ili isizame kwa kishindo. Chini patakuwa peusi kwa wekundu, juu maji meupe. Zima taa za ndani, washa ya zambarau kwa pembeni, na sehemu ya juu inawaka bluu.

Mambo mawili yataua mwanga huo. La kwanza ni chumvi. Kloraidi iliyo ndani yake huufifisha mng'ao wa kwinini, kwa hiyo ile desturi ya kupaka chumvi kwenye ukingo wa glasi iache. La pili ni kitambaa cha meza. Cheupe kilichofuliwa kwa sabuni ya unga kitang'aa kuliko vinywaji vyote, kwa sababu sabuni nyingi zina kemikali ya kung'arisha inayoitikia taa hiyo hiyo. Tandika kitenge cheusi. Na taa msielekezeane machoni.

Mgeni mmoja aliuliza kama toniki itamkinga na malaria. Haikingi. Marekani inaruhusu isizidi miligramu 83 za kwinini kwa lita, na dozi ya mtu mzima ni miligramu 600 kwa mara moja. Ingembidi anywe lita saba na zaidi kufikia dozi moja. Na aliyewahi kudhurika na kwinini asiionje kabisa, hata hiyo kidogo.

Mtandaoni utaona watu wakitia mkaa wa dawa ili kinywaji kiwe cheusi tii. Mkaa huo hutumika hospitalini kwa mtu aliyekula sumu, kwa kuwa hunasa kemikali tumboni. Haubagui. Utanasa pia vidonge vya uzazi wa mpango, vya presha, ARV, na mgeni hatakwambia anameza nini. Barafu kavu inayotoa moshi nayo ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na kipande kikimezwa kinaunguza koo na tumbo. Rosela na giza la ziwa vilitutosha.

Konyagi ina kilevi asilimia 35. Kwa kipimo nilichotaja, glasi moja ina takriban gramu 11 za pombe halisi, na utamu wa shira unaificha, kwa hiyo mpimaji awe mtu mmoja asiyekunywa. Kwetu alikuwa shemeji, naye ndiye aliyeshika funguo za magari. Gongo nililetewa mlangoni kwa nia njema nikaikataa: pombe ya kienyeji isiyopimwa inaweza kuwa na methanoli, na methanoli inapofusha.

Mama mkubwa hanywi, ila alitaka yenye kuwaka. Ya kwake ilikuwa shira, ndimu na toniki tupu kwenye jagi lililofungwa utepe mwekundu ili lisichanganywe na jingine, na kufikia saa nne usiku jagi hilo lilikuwa limejazwa upya kuliko yote.