Umepandisha Ubuntu hadi 24.04, mbona seva bado inajiita 22.04?

Seva nyingi za ofisi hapa Nairobi hupandishwa toleo usiku, watu wakishaenda nyumbani. Kazi inaisha saa sita, unaingia tena kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), na salamu inayokupokea ni ile ile ya 22.04. Usikimbilie kuanza upya.

Salamu hiyo ni maandishi tu. Inatolewa na skripti ya /etc/update-motd.d/00-header, nayo inasoma jina kutoka /etc/lsb-release. Faili hiyo ikibaki ya zamani, salamu itakuwa ya zamani hata kama kila kitu kingine kimepanda. Kwa hiyo uliza kilichomo ndani, yaani toleo la glibc, maktaba ya msingi ya mfumo:

ldd --version

Ikijibu 2.39, uko kwenye 24.04. Ikijibu 2.35, bado uko 22.04 kweli. Usitegemee uname -r, inayoonyesha toleo la kerneli (kiini cha mfumo), kwa swali hili: kerneli ya 6.8 ni ya 24.04, lakini 22.04 nayo huweza kuipata kupitia HWE, mpango wa Ubuntu wa kuyapa matoleo ya zamani kerneli mpya.

Sasa, mbona faili ilibaki nyuma? Mara nyingi kuna mtu aliwahi kuihariri, kwa mfano ili programu ya zamani ya uhasibu au draiva ya printa ikubali kusakinishwa. Wakati wa kupandisha, dpkg, programu inayosakinisha pakiti, hugundua faili ya mipangilio imeguswa na huuliza: uweke mpya au ubaki na yako? Jibu la kawaida ni N. Ukibonyeza Enter kwa usingizi, ya zamani inabaki na mpya inawekwa kando yake. Itafute:

ls -l /etc/lsb-release*

Ukiona /etc/lsb-release.dpkg-dist, linganisha mbili hizo kwa diff, kisha:

sudo mv /etc/lsb-release.dpkg-dist /etc/lsb-release

Isipokuwepo, sakinisha tena pakiti yenyewe na ujibu Y:

sudo apt install --reinstall -o Dpkg::Options::="--force-confask" base-files

Tafadhali usiandike namba ya toleo kwa mkono ndani ya faili. Na /etc/os-release, faili nyingine yenye jina la toleo, usiiguse kabisa kwa sed -i, amri ya kuhariri faili moja kwa moja: hiyo ni kiungo tu cha kwenda /usr/lib/os-release, na sed hukikata na kuacha faili ya kawaida mahali pake. Kikishakatika, kirudishe:

sudo ln -sf ../usr/lib/os-release /etc/os-release

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kinyume chake: stima imepotea katikati ya kazi, seva ikawaka ikisema 24.04, kumbe nusu ya pakiti bado ni za 22.04. Jina limetangulia, mwili haujafika. Hapo salamu nzuri haikusaidii. Endesha hizi mbili kwa mfuatano huu, tena ukiwa na UPS:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install

Kisha sudo apt full-upgrade, na ndipo uwashe seva upya.