Wiki ya 12: mapigo 71

Leo alfajiri, kabla sijainuka kitandani, niliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, nikahesabu mapigo kwa dakika nzima huku nikiitazama saa ya ukutani: 71. Siku nilipoanza mradi huu wa mazoezi yalikuwa 84. Hesabu hizi huziandika katika daftari lile lile la vipimo vya wateja, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani na ndilo daftari pekee lisilopotea nyumbani kwangu.

Wiki tatu za mwanzo sizisifii. Nilikuwa nikitoka mbio hadi Raskazone, ufukweni hapa Tanga, kana kwamba namfukuza mwizi, nikifika baharini nimeishiwa pumzi, na mwishowe miundi yote miwili ikaniuma hata kukanyaga cherehani kukawa tabu. Jirani aliponiona nachechemea aliniuliza, "Baba Salma, unafanya mazoezi au unadaiwa?"

Nilipumzika siku tisa, kisha nikarudi na kanuni moja: mwendo uwe ule unaoniruhusu kuzungumza sentensi nzima, lakini usioniruhusu kuimba. Sasa hutembea kwa haraka na kukimbia polepole kwa kupokezana, dakika 35 kwa siku, siku tano kwa wiki. Jumla ni dakika 175, ambazo zimo ndani ya kiwango cha 150 hadi 300 ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wanaofanya mazoezi ya wastani.

Kushuka kwa mapigo kuna maelezo yake. Moyo uliozoeshwa kazi ya namna hii husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo mwili ukiwa umetulia hauhitaji kupiga mara nyingi. Na misuli ya miguu nayo huongeza vishipa vidogo vya damu, ikawa hodari zaidi wa kuitumia oksijeni inayoletewa. Mazoezi haya husaidia pia kushusha shinikizo la damu, jambo linalonihusu kwa sababu limo katika ukoo wetu.

Kilichonigusa zaidi ni utafiti wa Jerry Morris, daktari wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 1953, kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makonda, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Baadaye Morris na wenzake walipekua vipimo vya sare wakakuta madereva walishonewa suruali za viuno vipana zaidi, nami kama fundi nilicheka peke yangu, maana kiuno cha mteja hunieleza mengi kabla hajafungua kinywa. Ila kicheko kiliisha upesi: mimi ni dereva katika kisa hicho, kwani hukaa kwenye kiti saa tisa kwa siku.

Uzito haujashuka sana, kilo mbili tu, na nimeacha kuupima kila siku. Badala yake, kila baada ya saa moja huacha cherehani na kuzunguka ua mara tatu, wateja wakisubiri.

Kuanzia Jumatatu nitaongeza dakika tano, siku ya Jumamosi peke yake, na miundi ikianza kulalamika nitazirudisha.