Kupima majani ya mpera dhidi ya fangasi wa kinywani: ethanoli ndiyo inayodanganya

Utando mweupe unaofanana na maziwa yaliyoganda, juu ya ulimi na ndani ya mashavu, mara nyingi ni kazi ya fangasi aitwaye Candida albicans. Majani ya mpera yanasifiwa kwa kuuondoa, nami nimeyapima maabara hivi.

Majani yaliyokomaa nayaosha na kuyaanika kivulini mpaka yavunjike ukiyafikicha, kisha nayasaga. Gramu 50 za unga naziloweka katika mililita 500 za ethanoli ya asilimia 70 kwa saa 72, chupa ikiwa imefunikwa, nikiitikisa mara kwa mara. Nachuja kwa pamba, halafu kwa karatasi ya kuchujia.

Ugumu uko kwenye kukausha. Naivukiza ethanoli kwa nyuzi 40, kisha masalio nayaweka kwenye oveni ya joto hilohilo, nikiyapima kila siku mpaka uzito usipungue tena. Kinachobaki, yaani dondoo, ni kitu cha kahawia iliyokolea, kinanata kama gundi. Kikinukia spiriti hata kidogo, usiendelee, kwa sababu ethanoli yenyewe huua fangasi. Dondoo langu la kwanza halikukauka sawasawa: kwenye kisahani cha fangasi likatoa duara pana, safi, yaani eneo ambalo fangasi hawakuota, na kisima (tundu la kutilia dawa) cha ethanoli tupu nacho kikatoa duara. Matokeo yote yale niliyatupa.

Dondoo kavu naliyeyusha, miligramu 100 kwa kila mililita ya DMSO (kiyeyushi cha maabara) ya asilimia 10. Fangasi nawachanganya kwenye maji ya chumvi mpaka utusitusi wake ulingane na McFarland 0.5, kipimo sanifu cha wingi wa vijidudu kwenye maji; wakizidi, duara husinyaa hata kama dawa ni kali. Nawapaka kwenye agari ya Sabouraud (chakula kilichoganda cha kukuzia fangasi), natoboa visima vya milimita 6, natia mikrolita 50 kila kimoja, na kuacha kwa nyuzi 35 kwa saa 24. Lazima kuwe na kisima cha nistatini, dawa ya fangasi, na kingine cha DMSO tupu, vya kulinganishia.

Duara peke yake silitegemei. Tanini za mpera ni molekuli kubwa, husambaa polepole ndani ya agari, kwa hiyo duara dogo si lazima liwe na maana ya dawa dhaifu. Natafuta kiwango cha chini kinachozuia, nikipunguza dondoo nusu kwa nusu katika mchuzi wa kukuzia fangasi. Rangi ya dondoo huficha utusitusi, ndiyo maana naongeza resazurini, rangi ya kuonyesha uhai: bluu ikigeuka waridi, fangasi wako hai. Lakini majani ya mpera yanaweza kuigeuza rangi hiyo yenyewe! Weka kisima cha dondoo na resazurini bila fangasi, kila mara.

Hata dondoo likizuia fangasi kwenye kisahani, mimi simpi mgonjwa. Mdomoni mate huliosha kwa dakika chache, na majani yaliyochemshwa nyumbani hayana kipimo. Mgonjwa apewe nistatini ya maji, aizungushe mdomoni kabla ya kumeza, mara 4 kwa siku. Akiumia anapomeza, awahi hospitali, apimwe VVU na sukari. Mwenye meno ya bandia ayavue usiku na kuyasafisha, maana fangasi hujificha humo na kurudi.