Siku moja maishani mwangu: mwangalie mke wa chozi

Saa 10:30 alfajiri niko macho. Nafuta vioo vya darubini, natia daftari na chupa ya chai mkobani, nawahi matatu. Saa 12:00, lango la msitu wa Karura, Nairobi, likifunguliwa, niko pale na wageni wangu wanne waliokuja kutazama ndege.

Jirani yangu huniuliza kama kweli mtu hulipwa kwa kutazama ndege. Hulipwa, na jioni shingo humuuma kama aliyeshinda akibeba magunia.

Saa mbili za mwanzo zilikwenda vizuri: hondohondo, vigogota, njiwa wa msituni. Saa 2:30 mgeni mmoja, mzee, akaelekeza simu juu. Ndege mdogo, kijani inayometameta, tumbo manjano. Programu ya kutambua ndege ikamwambia ni Cinnyris venustus, yule chozi, ndege mdogo mnyonya maua, wa bustani za Nairobi. Nikasema hapana, huyu ni chozi mwingine, Hedydipna collaris.

"Lakini simu imesema, bwana."

Hao wawili huchanganywa sana, kwa hiyo sikumlaumu. Nikamwomba atazame kifua. Venustus ana zambarau pana na mdomo mrefu uliopinda. Huyu wetu koo lake ni kijani, chini yake utepe mwembamba tu wa zambarau, kisha manjano. Mdomo mfupi. Tena alikuwa akidonoa wadudu majanini, maua hana habari nayo. Mzee akakataa. Ndege naye akapanda kileleni, jua likawa nyuma yake, akabaki kivuli.

Tukasubiri. Siafu wakapanda miguuni. Wale watatu walitaka twende, nami nilikuwa nimechoka, lakini sikuweza kumwacha mtu aondoke na jina lisilo la ndege huyo. Kazi yangu yote ni jina hilo.

Sijui ilikuwa saa ngapi dume aliposhuka, jike akimfuata.

"Mzee, mwangalie mkewe."

Jike wa venustus ana mgongo wa rangi ya tope, hang'ai. Huyu alikuwa kijani inayowaka juu, manjano chini kuanzia kooni. Mzee akatazama kimya, muda mrefu, kisha akatoa kalamu.

Mchana ulipita kwa miguu na kiu.

Nilipofika nyumbani, jike wa chozi alikuwa kwenye maua ya ukutani. Mgongo wa tope. Nikamgongea jirani mlango atoke aone.