Pilato Aliuliza, Akatoka

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno letu wiki hii ni Yohana 18:37-38. Katika maktaba ya John Rylands kule Manchester, Uingereza, kuna kipande cha mafunjo, yaani karatasi ya kale iliyotengenezwa kwa matete, chenye maneno hayohayo kwa Kigiriki. Wataalamu hukiita P52. Ukikilaza juu ya kitambulisho chako kitakizidi kidogo tu, maana ni takriban sentimita 9 kwa 6. Kilinunuliwa Misri mwaka 1920 kikiwa kimechanganyika na mafunjo mengine, na mwaka 1934 ndipo msomi C. H. Roberts, akiyapitia, alipotambua kwamba ameshika Injili ya Yohana.

Kimeandikwa pande zote mbili, kwa hiyo kilikuwa ukurasa wa kitabu, si gombo. Kila upande una mistari 7, na hakuna hata mmoja uliobaki mzima. Upande wa mbele Pilato anaingia ndani kumwita Yesu. Ukikigeuza, Pilato huyo anatoka nje kuwarudia Wayahudi.

Upande huo wa pili zinasomeka bado sehemu za maneno ya Bwana: kwamba kwa ajili ya haya amezaliwa, kwamba amekuja ulimwenguni kushuhudia, na habari ya kila “aliye wa hiyo kweli”, ingawa neno la mwisho limekatika. Yanafuata maneno “akamwambia”, kisha pengo. Swali la Pilato, “Kweli ni nini?”, limekwenda na sehemu iliyopotea.

Sitaki kuligeuza pengo hilo kuwa ishara. Mafunjo huchanika popote. Na kwa kuwa tunazungumzia kweli, tusitie chumvi: jumbe tunazotumiana husema kipande hiki ni cha mwaka 125, kana kwamba mwandishi aliacha tarehe. Hakuacha. Umri wake hukadiriwa kwa kulinganisha mwandiko. Wengi hukiweka karne ya 2, na wapo wanaosema huenda ni mwanzoni mwa karne ya 3. Hata hivyo ni miongoni mwa mabaki ya kale kabisa ya Agano Jipya tuliyo nayo, na hilo linatosha kumshukuru Mungu.

Turudi kwa Pilato. Swali lake lilikuwa zuri, na aliyesema “Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima” alikuwa amesimama mbele yake. Lakini hakungoja. Aliuliza huku miguu ikielekea mlangoni, akaenda kutangaza kwamba haoni hatia kwa Yesu, kisha akamtoa apigwe mijeledi. Alichokijua na alichokifanya havikukutana.

Nasi tuna maombi ya namna hiyo. Tunamuuliza Bwana kama ile tenda iliyopatikana kwa “chai” ina ubaya wowote, na sahihi tumeshaweka. Tunaomba atuonyeshe kama tumsamehe ndugu yetu, tunasema amina, tunainuka kabla hajatujibu.

Someni sura ya 18 na ya 19 kwa mkupuo mmoja, mkifuatilia jinsi Pilato anavyoingia na kutoka. Mkifika 19:8-9 mtamkuta amezidi kuogopa, amerudi tena ndani na swali jingine: “Wewe umetoka wapi?” Safari hii alikuwa tayari kungoja, na Yesu hakumpa jibu.